Mdogo wangu yuko mahabusu, dawa zake za akili zimebaki nyumbani

Swali:

"Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 29 na ana skizofrenia, iligundulika miaka sita iliyopita. Alikuwa anachomwa sindano kila baada ya wiki nne na kumeza kidonge kimoja usiku, na kazi alikuwa anafanya vizuri tu. Wiki tano zilizopita aligombana na jirani, akavunja vioo vya watu, akakamatwa. Dhamana imekwama, kwa hiyo yuko mahabusu. Sindano yake ilikuwa imebakiza siku tatu tu. Nilipeleka dawa zake getini zikakataliwa. Askari mmoja aliniambia nisiwe na hofu, 'huyu ametulia kuliko wote'. Nilipomwona wiki iliyopita kweli alikuwa kimya, ila hakuniuliza hata habari za mtoto wake. Baba anasema labda jela imemtibu. Kaka yetu anasema siku zote alikuwa anajifanya. Sasa kuna mtu ananiambia anaweza kumwingizia dawa kwa siri nikimpa chochote. Nifanyeje? Kuna haki yoyote hapa, au tusubiri kesi iishe?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na kilichonishtua zaidi ya dawa kukataliwa getini ni hilo la mtoto wake. Nitalirudia. Kwanza chukua jibu fupi usije ukalisubiri mpaka chini: msisubiri kesi iishe, na huyo mtu wa kuingiza dawa kwa siri usimpe kitu. Kuna kazi ya kufanya wiki hii hii, na inaanza na karatasi moja.

Tuanze na ukimya wake. Gerezani askari mmoja huangalia watu wengi, na jicho lake limezoea kutafuta fujo. Anayepiga mlango, anayetukana, anayevua nguo mbele za watu, huyo ataonekana na pengine ataitiwa muuguzi. Anayekaa pembeni kutwa nzima akitazama ukuta hana tatizo na mtu. Askari hakukudanganya, alikuambia alichokiona. Lakini skizofrenia ina sura mbili. Kuna ile inayoongeza vitu: sauti zisizo na mwenyewe, shaka, imani kwamba watu wanamtega. Na kuna ile inayopunguza: maneno yanakauka, hamu inaisha, uso haucheki wala haununi, mtu anaacha kuoga si kwa ukaidi bali kwa sababu hakuna kinachomsukuma. Hii ya pili haimsumbui mlinzi yeyote. Zaidi ya hapo, wapo wanaonyamaza kwa sababu sauti zimewaamuru wanyamaze, au kwa sababu wanaamini selo nzima inawasikiliza.

Mtu aliyetulia kwa kuwa amepona huuliza habari za nyumbani. Wewe umemjua kabla ya ugonjwa, unaujua uso wake anapotajiwa mtoto. Hicho ulichokiona kwenye dakika chache za kutembelea ni kipimo ambacho mimi na stetoskopu yangu hatuna, na nataka ukiandike kama kilivyo, usiseme tu "amebadilika".

Sasa hoja ya baba. Dawa hizi haziui chanzo cha ugonjwa kama antibayotiki inavyoua bakteria, ukamaliza dozi yakaisha. Mtu anapokuwa kwenye saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwapo, ubongo humwaga dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, kupita kiasi katika sehemu fulani, na mambo madogo yanaanza kubeba uzito usio wake. Mtu kakohoa, kakohoa kwa ajili yangu. Mlango umefungwa; umefungwa kunipa ishara. Dawa hukaa kwenye vipokezi vya dopamini na kuuteremsha huo mzigo, mtu akapata nafasi ya kufikiri. Ukiiondoa, ubongo hauripuki siku hiyo hiyo. Hujaa polepole, kama pipa chini ya bomba linalodondosha.

Kwa mtu wa sindano, pipa lenyewe huchelewa zaidi kujaa, na hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Dawa ya sindano ya muda mrefu huchanganywa kwa namna itakayoifanya itoke kwenye msuli kidogokidogo. Chukua mfano wa haloperidoli ya mafuta: kiwango chake damuni hupungua nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Hebu tupige hesabu ya mdogo wako. Alipokamatwa alikuwa na siku 25 tangu sindano ya mwisho. Ongeza wiki tano, yaani siku 35. Ni siku 60. Siku 32 kati ya hizo ni za deni, baada ya tarehe aliyotakiwa kuchomwa. Kama ndiyo hiyo haloperidoli, kiwango kimeshashuka zaidi ya nusu na kinaendelea kushuka. Utulivu mnaouona, kwa sehemu, unaweza kuwa mabaki ya sindano ile. Jela haijamtibu, inaishi kwa akiba yenu.

Baba asikasirike, hajakosea kwa kila kitu. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi mkubwa uliojumlisha majaribio 65 ya watu wenye skizofrenia waliokuwa wameshatulia. Katika mwaka mmoja, walioendelea na dawa waliorudiwa na ugonjwa walikuwa 27 kwa kila 100. Waliobadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake walikuwa 64 kwa kila 100. Maana yake wapo walioacha na mwaka ukapita salama. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kumnyooshea mtu kidole na kusema wewe ni wa kundi lile. Na majaribio hayo hayakufanyika kwenye selo iliyojaa, mtu analala nusu usiku na hajui kesi yake itaishaje. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kuuamsha ugonjwa wa namna hii.

Kwa kaka yako nina maneno machache. Anayejifanya hutaka aonekane. Anakutafuta, anakueleza sauti zake bila kuulizwa, tena kwa ufasaha. Mdogo wako ana faili la kliniki la miaka sita na anakaa kimya mbele ya dada yake.

Watu wengi hudhani dawa haziwafikii wafungwa kwa sababu gereza halitaki kuzitoa. Mara nyingine ni hivyo. Nimefanya kliniki ndani ya magereza miaka kadhaa, na mara nyingi zaidi nimeona jambo tofauti: bomba linavuja kwenye maungio. Pa kwanza ni siku ya kuingia. Watu ishirini wamefika kwa pamoja, wamechoka, baadhi wamepigwa, karani anauliza kwa sauti mbele ya wote, "Una ugonjwa wowote?" Nani atasema "nina ugonjwa wa akili" mbele ya watu atakaolala nao usiku huo? Anasema hapana, linaandikwa hapana, na hapana hiyo inamfuata miezi. Si ajabu mdogo wako hayumo kwenye orodha ya dawa kwa sababu hakuna anayejua kwamba anastahili kuwamo.

Pa pili ni foleni yenyewe. Muuguzi yuko nyuma ya dirisha dogo, ana trei ya vikombe vya plastiki. Unataja jina, unamiminiwa vidonge kiganjani, unapewa maji, unameza. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Anayefuata. Ukali huo una sababu yake: vidonge vinavyoleta usingizi vina soko gerezani, na vile vya kuzuia kukakamaa kwa misuli, ambavyo mara nyingi hutolewa pamoja na haloperidoli, vina soko zaidi. Kuna wagonjwa wanaoficha kidonge shavuni ili wakiuze, na kuna wengi zaidi wanaokificha kwa sababu wametishwa wakitoe. Kwa hiyo pengine vidonge husagwa kwanza. Kwa vingi si neno, ila vile vilivyotengenezwa kuachia dawa taratibu, vikiwamo vya aina fulani za lithiamu na valproeti, dawa za kutuliza mabadiliko ya hisia, havitakiwi kusagwa kabisa. Pia zipo sehemu ambako dozi ya usiku hutolewa saa kumi alasiri kwa sababu muuguzi anaondoka. Mgonjwa analala mchana, saa nane za usiku yuko macho peke yake na mawazo yake.

Na wapo wanaokataa wenyewe, tena wakiwa na akili timamu kabisa katika kukataa huko. Kijana mmoja aliwahi kuniambia, "Daktari, nikimeza hii nalala kama mzigo, nikiamka sina viatu." Sikumwandikia "mgonjwa mkaidi". Nilimbadilishia dawa nikamweka kwenye sindano. Ukienda kumwona mdogo wako, usimuulize "unameza dawa?" Muulize "ukimeza, usiku unakuwaje?" Utapata jibu tofauti.

Pa tatu ni siku za mahakama. Karandinga huondoka alfajiri kabla dirisha la dawa halijafunguliwa na hurudi likiwa limefungwa. Kesi ikitajwa mara kwa mara, dozi zinapotea hivyo hivyo bila mtu kukataa wala kunyimwa. Pa nne ni uhamisho: mtu anafika gereza jipya leo, faili lake la matibabu linafika wiki ijayo, au halifiki.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Ukifika pale ukiamini kuna mtu mmoja mbaya anayemnyima mdogo wako dawa, utagombana na mtu asiyehusika. Ukifika ukijua maungio, utauliza swali sahihi: jina lake limo kwenye orodha ya dawa, au halimo? Usidhani pia kwamba utawashangaza. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2012, wa wafungwa zaidi ya 33,000 katika nchi 24, ulikuta saikosisi kwa takriban 4 kati ya kila 100, wanaume kwa wanawake. Muuguzi wa pale ameshawaona wengi.

Umeuliza haki. Zipo. Kipimo kinachotajwa dunia nzima ni Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2015 kuchukua nafasi ya zile za mwaka 1955. Kanuni ya 24 inasema matibabu ya mfungwa ni jukumu la serikali, yawe ya kiwango kile kile wanachopata raia walio nje, bila malipo, na yaendelee bila kukatika. Ya 27 inasema uamuzi wa kitabibu hufanywa na wataalamu wa afya tu, na mtumishi wa gereza asiye mtaalamu hawezi kuutengua wala kuupuuza. Kwa hiyo ile "huyu ametulia" ya askari, hata kama imetoka kwa moyo mwema, si uchunguzi. Ya 30 inataka kila anayeingia aonwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo. Kuna ya 39 inayozuia kumwadhibu mtu kwa jambo lililoletwa moja kwa moja na ugonjwa wake wa akili, na ya 45 inayokataza kumfungia peke yake ikiwa hali hiyo itamzidishia ugonjwa. Ya 109 inasema mwenye ugonjwa mkali ambao gereza litauzidisha asibaki gerezani, apelekwe mahali pa tiba. Na kwa kuwa mdogo wako bado hajahukumiwa, shika namba 118: mahabusu aruhusiwe kuonwa na kutibiwa na daktari wake mwenyewe, ikiwa kuna sababu ya msingi na ana uwezo wa kumlipa.

Niwe mkweli kwako. Karatasi hii ya Kanuni za Mandela hufungui nayo geti. Nguvu yake inategemea sheria za nchi na hakimu aliye mbele yenu, na ukiingia ofisini ukiipunga hewani unaweza kuondoka mikono mitupu. Mpe wakili. Wewe nenda kama dada wa mgonjwa.

Huyo wa kuingiza kwa siri, mwepuke kabisa. Sijali sana kwamba atakula hela yako, ingawa pengine atakula. Mtu dhaifu aliyefichiwa pakiti ya vidonge vya usingizi selo amegeuka ghala la wengine, na akikamatwa navyo anapata kosa la pili na wewe unafungiwa kutembelea. Kisha kuna hatari ya dawa zenyewe. Baada ya wiki kadhaa za kukosa, dozi ya zamani si lazima iwe dozi ya leo. Mfano mkali ni klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia: ukiikosa kwa zaidi ya saa 48 huruhusiwi kuirudia palepale ulipoachia, unaanza upya na miligramu 12.5 na kupanda taratibu, la sivyo presha inaweza kuanguka ghafla au ukapata degedege. Hata sigara zinaingia humo. Moshi wa tumbaku huliamsha ini kuivunja haraka klozapini na olanzapini. Mvutaji akiingia mahali pasiporuhusiwa kuvuta, dozi ile ile inaweza kumlevya. Lithiamu nayo haitaki upungufu wa maji: joto la selo, kuhara, au vidonge vya maumivu vya ibuprofeni na diklofenaki vinatosha kuipandisha mpaka kuwa sumu. Haya yote yanahitaji mtu anayemwona mgonjwa kwa macho, hayaingii kwenye soksi.

Sasa karatasi. Ukurasa mmoja, kwa mwandiko unaosomeka, au bora zaidi iandikwe na kliniki yake na kugongwa muhuri. Juu weka jina lake kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, na namba yake ya gereza ukiipata, maana majina hufanana. Kisha ugonjwa na mwaka ulipogundulika. Kisha dawa: jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye boksi, miligramu, mara ngapi. Tarehe ya sindano ya mwisho iandike kwa kalamu nzito na uipigie mstari, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomwambia daktari aanzie wapi. Dawa zilizowahi kumdhuru, kama shingo iliwahi kujipinda au miguu ilikataa kutulia. Kama aliwahi kujaribu kujiua, andika na usione haya. Kisha mistari miwili au mitatu ya ulichokiona: tarehe fulani nilimtembelea, alijibu kwa neno moja moja, hakuuliza habari za mwanawe, alikuwa akigeuka kutazama nyuma. Malizia na simu yako na ya kliniki. Mama mmoja aliwahi kuniletea taarifa ya namna hii kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule, na ilinisaidia kuliko barua ya kurasa nne iliyotoka hospitali.

Toa nakala tatu. Moja ifike kwa anayesimamia zahanati ya gereza, mkononi, na uliza jina lake uliandike. Anaweza kukataa kukueleza hali ya mdogo wako kwa sababu ya siri ya mgonjwa, na yuko sahihi. Lakini siri ya mgonjwa haimzuii kukusikiliza wewe. Nakala ya pili ni ya mkuu wa gereza, kwa barua fupi ya heshima inayoomba aonwe na mtaalamu wa akili. Ya tatu ya wakili. Kuhusu dawa ulizobeba, wengi hawapokei kwa sababu hawajui kilichomo ndani ya chupa iliyofunguliwa, na siwalaumu. Uliza kama watapokea boksi ambalo halijafunguliwa, lenye karatasi ya daktari, likakaa zahanati chini ya muuguzi. Pengine hilo linakubaliwa palepale lile la getini lilipokataliwa.

Usiposikia chochote ndani ya siku chache, wakili alipeleke mbele ya hakimu. Ombi jepesi ni la kuamuru apewe matibabu na kuchunguzwa kule kule aliko. Kuna ombi zito zaidi, la kutaka apimwe kama anaielewa kesi yake na kama alikuwa na akili timamu siku ya tukio. Kabla hamjaliomba hilo, kaeni na wakili muulizane maswali magumu. Linaweza kumwokoa. Linaweza pia kumweka kwenye wodi ya wagonjwa walio chini ya ulinzi kwa muda usiojulikana, na katika sheria za nchi nyingi muda huo unaweza kuzidi kifungo ambacho angepewa kwa kuvunja vioo. Kwa kosa dogo kama hili, mimi ningeanza kwa kupigania dhamana yenye sharti la kuhudhuria kliniki. Lakini mimi si mwanasheria.

Wakimwona, huenda wakampa dawa tofauti na aliyozoea. Ukisikia haloperidoli, flufenazini au klopromazini, usikimbilie kusema wanampa takataka. Ni dawa za zamani, ndiyo, na haloperidoli humkakamaza mtu haraka kuliko risperidoni, ambayo ni ya kisasa zaidi. Lakini zote tatu zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na dawa ya zamani anayoipata kila siku inamfaa kuliko mpya iliyobaki kabatini kwenu. Unachotakiwa kukipigania ni wamuulize kuhusu madhara na wayashughulikie. Kama sindano ya muda mrefu ipo, kwa mazingira ya gereza ndiyo ningeichagua, bila kusitasita: haina foleni, hainyang'anywi, haipotei siku ya mahakama. Ubaya wake ni kwamba ikishaingia haitolewi, kwa hiyo kwa dawa ambayo hajawahi kuitumia waanze kwanza na kiasi kidogo cha kujaribu.

Na akikataa? Kukataa ni haki yake maadamu anaelewa anachokikataa. Kumdunga kwa nguvu ni jambo la dharura, mtu anapokuwa hatarini kujiua au kudhuru wengine, au la utaratibu wa kisheria ulioandikwa na kukaguliwa. Kumdunga ili anyamaze, au kwa kuwa amemjibu askari vibaya, ni adhabu iliyovaa koti jeupe. Ukiisikia hiyo, mpigie wakili siku hiyo hiyo.

Kuna hali ambazo hazingoji barua. Ukimkuta hali wala hanywi, au amekaa mkao mmoja kama sanamu na ukimgusa haitiki, hiyo ni dharura hata kama "ametulia". Homa kali pamoja na mwili kukakamaa kwa mtu aliyeanzishiwa au kuongezewa dawa ni dharura inayoua. Mtumiaji wa lithiamu anayetapika, kutetemeka mikono kwa nguvu na kuyumba anahitaji kipimo cha damu leo. Aliyekuwa akitumia diazepamu au dawa za kifafa kwa muda mrefu zikakatwa ghafla anaweza kupata degedege. Na akisema, hata kwa utani, kwamba mtamzika, au akianza kugawa vitu vyake na kukuaga, usiondoke getini kabla hujaongea na afisa wa zamu na kuhakikisha ameandika. Mwambie neno "kujiua" lenyewe, usilifunike. Siku za mwanzo gerezani na siku zinazofuata hukumu ndizo mbaya zaidi.

Mwisho kuna jambo ambalo karibu kila familia husahau: siku ya kutoka. Mahabusu mara nyingi huachiwa na mahakama saa tisa alasiri, hapo hapo kizimbani, hana kidonge hata kimoja mfukoni wala karatasi. Kanuni ya 110 inataka matibabu ya akili yaendelee baada ya kuachiwa, lakini aliyepo pale siku hiyo ni wewe. Utafiti mmoja wa Sweden uliochapishwa mwaka 2016, ulioangalia watu zaidi ya 22,000 walioachiwa kutoka magereza, ulikuta kwamba katika vipindi walivyokuwa kwenye dawa za saikosisi, makosa ya ukatili yalikuwa pungufu kwa asilimia 42 ukilinganisha na vipindi watu hao hao walivyokuwa hawazitumii. Hakimu anayesita kutoa dhamana anaweza kupenda kulisikia hilo kutoka kwa wakili wenu.

Kwa hiyo leo, kabla ya karatasi, pigia simu kliniki yake. Waombe tarehe kamili ya sindano ya mwisho kutoka kwenye kadi, usiitegemee kumbukumbu, na waulize kama watampokea siku yoyote atakayotoka hata bila miadi. Akitoka, mpitishe huko kwanza kabla ya nyumbani. Asidungwe dozi yake ya zamani na mtu mwingine yeyote kwa huruma. Baada ya siku 60 na zaidi, daktari ndiye atakayeamua kama anahitaji vidonge kwanza. Na jina la sindano ukilipata kwenye boksi, nitumie, maana hesabu niliyokupigia hapo juu nimeipiga kwa haloperidoli, na kama ni nyingine tutaipiga upya.